Kufuli Lenye Jina: Kompyuta ya Pamoja na Watu Wasiotoka

Fundi anayetaka kufungua pampu katika kituo cha umeme haanzi na spana. Anaanza na kufuli. Huzima swichi inayopeleka stima kwenye pampu hiyo, akaitia kufuli lake mwenyewe, akatundika kibandiko chenye jina lake, kisha ufunguo akautia mfukoni. Wakiwa mafundi watano, yatatundikwa makufuli matano, na pampu haitawaka mpaka la tano litolewe. Kufuli la idara au la zamu halitoshi. Kila anayeingiza mkono ndani ya chuma ana kufuli lake, na anayelifungua ni yuleyule aliyelifunga.

Utaratibu huu unafuatwa katika mitambo mikubwa duniani kote. Olkaria nchini Kenya, ambako mvuke hutoka chini ya ardhi na joto na shinikizo la kuua, hakuna haja ya kumweleza mtu faida yake mara mbili. Tangu Olkaria I ianze kuzalisha umeme mwaka 1981, watu wengi wamepata riziki kwa kupokezana zamu pale: wenye kufungua vali, wenye kusoma mita, wenye kuandika ripoti. Nyuma yao kuna makandarasi, madereva, walinzi, wapishi wa kantini, na wafanyakazi wa mashamba ya maua yaliyotandaa kando ya barabara ya Moi South Lake, kuanzia Karagita, Kwa Muhia, Kamere hadi Kongoni. Wengi wao hutumia kompyuta isiyo yao, ya ofisi, ya maktaba, au ya saiba. Na kwenye kompyuta hiyo, lile kufuli lenye jina halipo.

Niliwahi kutunza kumbukumbu katika ofisi ya mkandarasi mmoja huko. Tulikuwa watu kumi na mmoja na kompyuta moja. Akaunti ilikuwa moja, iliyopewa jina la ofisi, na nenosiri lake liliandikwa kwa kalamu nzito kwenye karatasi ya gundi chini ya kioo, ili asisumbuliwe mtu. Mwisho wa mwezi mmoja hesabu ya dizeli ilikuwa imebadilishwa. Namba tatu tu. Tuliulizwa mmoja mmoja, na kila mmoja alisema kweli alivyoijua. Kompyuta nayo iliulizwa, ikajibu kwamba aliyebadilisha ni "ofisi". Lawama ilimwangukia kijana wa stoo, mdogo kuliko sisi sote, kwa sababu ndiye aliyeonekana ameketi pale mara nyingi. Alikatwa mshahara. Mpaka leo hakuna ajuaye kama alistahili, na hicho ndicho kinachoniuma. Hapakuwa na njia ya kumtia hatiani kwa haki, wala ya kumwokoa.

Akaunti ya mtumiaji huhubiriwa kwetu kama jambo la siri: ficha nenosiri lako, wezi wako njiani. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Akaunti, kabla ya kuwa pazia, ni jina. Inasema nani alikuwa hapa, alifanya nini, aliondoka lini. Anayewanyima wafanyakazi wake akaunti binafsi amewanyima ushahidi wa kujitetea.

Watu wengi hufikiri akaunti ni kitu cha kompyuta ya mtu mmoja, na kwamba mashine ikiwa ya wote haina haja nayo. Historia inasema kinyume. Akaunti zilizaliwa kwa ajili ya kompyuta ya pamoja. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo wa CTSS, uliowawezesha watu kadhaa kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Mashine zilikuwa chache na ghali, kwa hiyo ilibidi kila mtu apewe sehemu yake na neno la kuifungulia. Mwaka 1966 likatokea jambo ambalo ningependa kila meneja wa ofisi alisikie. Wasimamizi wawili wa mfumo huo walikuwa wakihariri mafaili tofauti ndani ya folda moja kwa wakati mmoja, na programu ya kuhariri ilikuwa imeundwa ikidhani kwamba folda moja ina mtu mmoja. Mafaili yakabadilishana nafasi. Kila aliyeingia kwenye mfumo siku hiyo, badala ya kusalimiwa kwa tangazo la siku, aliandikiwa maneno ya siri ya watumiaji wote. Hapakuwa na mwizi. Walikuwa watu wawili waaminifu, wamekaa katika nafasi ya mtu mmoja.

Kompyuta ya leo humpa mwenye akaunti mambo matatu. La kwanza ni jina linaloandikwa katika kumbukumbu za mashine. La pili ni chumba chake: meza yake ya kioo, mafaili yake, mipangilio yake, na vyote hivyo katika Windows hukaa ndani ya folda yenye jina lake. La tatu ni mamlaka, na hapa ndipo ofisi ndogo zinapoumia zaidi. Akaunti ya kawaida inaweza kuandika, kuchapisha na kusoma. Akaunti ya msimamizi inaweza kuweka programu, kuzifuta, kuzima ulinzi na kufungua vyumba vya wengine. Kompyuta mpya hutoka kwenye boksi na kumfanya mtu wa kwanza anayeiwasha kuwa msimamizi. Katika ofisi nyingi mtu huyo wa kwanza ni kijana aliyetumwa kuichukua dukani Naivasha, naye huliacha jambo hapo. Tangu siku hiyo kila anayeketi pale ni msimamizi. Anayefungua kiambatisho chenye virusi anavipa nafasi ya kupata mamlaka yote ya mashine.

Marekebisho yake ni ya nusu saa. Fungua akaunti moja ya msimamizi, nenosiri lake lijulikane na watu wawili, nakala yake ikae ndani ya bahasha iliyofungwa kwenye sefu au kabati la bosi. Akaunti hiyo isitumiwe kuandika barua wala kusoma habari. Wengine wote, pamoja na bosi, wapewe akaunti za kawaida. Nasisitiza bosi, kwa sababu yeye ndiye hukataa kwanza.

Kuingia basi si tatizo gumu. Kigumu ni kutoka.

Katika malango mengi ya Kenya kuna kitabu cha wageni. Mlinzi hukupa kalamu, unaandika jina, namba ya kitambulisho, unakokwenda, saa ya kuingia. Safu ya mwisho ni ya saa ya kutoka na sahihi. Fungua kitabu chochote cha namna hiyo uangalie safu hiyo: ukurasa kwa ukurasa, i wazi. Kwa mujibu wa kitabu, mamia ya watu wangali ndani. Kompyuta zetu za pamoja ziko hivyohivyo. Watu huingia, na kwa mujibu wa mashine hawajatoka.

Sehemu ya sababu ni kwamba kuna njia nne za kuondoka kwenye kioo, na wengi huzidhani ni moja. Kufunga kioo ni kama kufunga mlango na kuacha taa ikiwaka: kazi yako yote ingali wazi nyuma ya mlango, na mwenzako hawezi kuingia chumbani mwako. Kubadilisha mtumiaji ni kumpa mwenzako chumba chake huku chako kikiendelea kuwaka kando. Kutoka ni kufunga programu zako zote, kuandika mipangilio yako kwenye diski na kuachilia kumbukumbu ya mashine uliyokuwa umeishika. Kuzima huwatoa wote. Windows XP ndiyo iliyoleta mwaka 2001 ile njia ya kubadilisha watumiaji haraka bila mmoja kumfungia mwenzake programu, na watu waliipenda. Ila ina bei yake. Kompyuta ya ofisi yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, ikiwa na watu watano waliobadilishana bila kutoka, imebeba vivinjari vitano na majedwali matano. Ifikapo alasiri inakokota miguu. Watu husema imezeeka, itafutwe nyingine. Mara nyingi haijazeeka. Imejaa.

Kisha anakuja mtu wa sita, anachoka kungoja, anabonyeza kitufe cha kuzimia. Mashine inamwonya kwamba kuna wengine ambao bado wanaitumia na kazi yao inaweza kupotea. Afanye nini? Hapa tunaweza kukopa tena kutoka kwa mafundi wa makufuli. Kanuni ya Marekani ya mwaka 1989 juu ya kufungia mitambo wakati wa matengenezo ilifikiria hali hii: fundi amemaliza zamu, ameenda nyumbani, kufuli lake limebaki. Haisemi likatwe tu. Inamtaka mwajiri kwanza ahakikishe kwamba mwenye kufuli hayuko kituoni, kisha ajitahidi kwa kila njia kumpata na kumjulisha, na ahakikishe kwamba atajua kufuli lake limeondolewa kabla hajarudi kazini. Naona hekima yote ya kumtoa mtu kwenye kompyuta ya pamoja imo humo. Mpigie simu kwanza. Akikosekana, msimamizi aingie kwa akaunti yake na kumtoa yeye peke yake kupitia orodha ya watumiaji, pasipo kuzima mashine nzima, kisha amwachie ujumbe. Hilo la kuangalia ofisini na kupiga simu linachukua dakika tatu, na limewahi kuokoa ripoti ya siku nzima.

Lakini si haki kuwatwika watu makosa yote, maana mara nyingine mtu amebonyeza kutoka na mashine ndiyo iliyomkatalia. Kioo kinasema anatolewa, duara linazunguka, dakika tano, kumi. Mipangilio ya kila mtumiaji wa Windows huhifadhiwa katika faili liitwalo NTUSER.DAT ndani ya folda yake. Anapoingia, faili hilo hupakiwa kwenye rejista ya mfumo. Anapotoka, sharti lishushwe na kuandikwa upya. Halishuki iwapo programu nyingine bado imelishika. Wenye kushika mara nyingi ni programu za printa na za kuzuia virusi, zinazofanya kazi chini kwa chini bila kioo. Katika enzi za Windows 2000 na XP tatizo lilisumbua kiasi kwamba Microsoft walitoa programu ndogo, UPHClean, ya kuzibandua programu hizo kwenye wasifu wa mtu anayetoka, yaani folda na mipangilio yake. Kuanzia Windows Vista kazi hiyo ilitiwa ndani ya mfumo wenyewe, nao huacha alama: katika kumbukumbu za matukio utakuta tukio namba 1530, likisema kwamba rejista ya mtumiaji ilikuwa bado inatumiwa na kutaja programu iliyoishika. Mtu wa kompyuta anayeitwa kila wiki kwa shida ya kutoka na hajawahi kusoma kumbukumbu hizo anabahatisha tu. Jina la mkosaji limeandikwa pale.

Mtumiaji asiyejua hayo hufanya jambo moja: hushikilia kitufe cha kuzimia mpaka giza. Na asipoizima yeye, stima huizima. Jotoardhi hutoa takriban asilimia 40 ya umeme wa Kenya, na sehemu kubwa mno ya hiyo inatoka Olkaria, lakini umeme huo huingia kwanza kwenye gridi ya taifa, na nyumba ya Kamere iliyo karibu na visima vya mvuke huupokea kupitia gridi hiyohiyo kama nyumba ya Kisumu. Gridi ikianguka, wote wamo gizani. Ijumaa usiku, tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya nchi ilikaa gizani kwa saa nyingi. Kompyuta iliyokuwa katikati ya kuandika wasifu wa mtu wakati stima inapotea inaweza kubaki na faili bovu.

Matokeo yake huwatisha watu. Asubuhi mfanyakazi anaingia kwa jina lake na nenosiri lake, na anakuta meza tupu. Picha hazipo, barua hazipo, mipangilio imekuwa ya siku ya kwanza. Anadhani amefutiwa. Mara nyingi hakufutiwa kitu: mfumo umeshindwa kufungua wasifu wake na umempa wa muda. Mafaili yake yangali katika folda yenye jina lake kwenye diski. Hatari iko katika anachofanya baada ya hapo, kwa sababu atakachohifadhi juu ya meza hiyo ya muda kitafutwa atakapotoka. Kwa hiyo asiandike chochote. Aiwashe mashine upya kwanza, maana mara nyingi aliyeshika faili huachia. Hali ikibaki vilevile, msimamizi anakili mafaili ya mtu huyo kwenye diski ya nje, amfungulie akaunti mpya na kumrudishia vitu vyake. Kuna wanaopenda kuingia kwenye rejista na kurekebisha kwa mkono, na wakijua wanachofanya hufaulu. Kwa ofisi ndogo njia ya akaunti mpya ndiyo salama. Tena betri ya akiba chini ya meza, ile inayoishikilia kompyuta dakika kumi baada ya stima kukatika, ni nafuu kuliko kumwita fundi mara mbili.

Ofisini anayeacha akaunti wazi huwa amewaachia wenzake. Katika saiba amewaachia wapita njia. Serikali imehamishia mambo yake mtandaoni kwa kasi: mpango wa Gava Mkononi ulipozinduliwa tarehe 30 Juni 2023, huduma zaidi ya 5,000 zilitangazwa kuwa ndani ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kodi hulipwa na ritani hujazwa kwenye tovuti ya iTax, mwisho tarehe 30 Juni kila mwaka, na mtu binafsi anayechelewa hutozwa faini isiyopungua shilingi 2,000. Mikopo ya wanafunzi, nafasi za vyuo, vyeti vya tabia njema, vyote huombwa mtandaoni. Mama anayefunga maua toka alfajiri hana kompyuta wala muda. Wiki ya mwisho ya Juni atasimama kwenye foleni ya kibanda chenye kompyuta sita, na kijana wa saiba ndiye atakayekuwa afisa wake wa kodi.

"Mama, nenosiri ni gani?"

"Weka lile lile la mwaka jana, mwanangu. Si uliliandika?"

Na kweli aliliandika. Liko katika daftari la mistari, pamoja na ya wateja wengine, kila moja na namba ya kitambulisho na ya simu. Nimeliona daftari la namna hiyo zaidi ya mahali pamoja. Kijana hana nia mbaya. Wateja wake husahau, na kurejesha nenosiri kunahitaji barua pepe ambayo nayo ni yeye aliyewafungulia na nenosiri lake analijua yeye. Anawasaidia. Lakini daftari hilo likiibiwa, watu mia wamepotea kwa siku moja. Mama huyohuyo hawezi kumtajia mtu namba yake ya siri ya M-Pesa hata akiwa mgonjwa kitandani, kwa sababu tangu 2007 Wakenya wamefundishwa na wamejifunza kwa machungu. Hakuna aliyemfundisha kwamba nenosiri la eCitizen ni la aina ileile, kwamba nyuma yake kuna kitambulisho chake, nyumba yake, watoto wake.

Sheria ipo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018 inamfanya mkosaji anayeingia bila ruhusa kwenye mfumo wa mwingine, na pia anayetoa nenosiri kwa makusudi bila mamlaka. Adhabu ya kila kosa ni faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayetunza taarifa za watu, zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Mwenye saiba anayetunza daftari lile ni mtunza taarifa. Sidhani wengi wanajua hivyo, na sidhani dawa ni kuwakamata. Bila wao nusu ya tarafa isingejaza ritani.

Kutoka katika saiba nako kuna mtego wake. Mteja hufunga dirisha kwa alama ya msalaba juu kulia na kuinuka akiamini ametoka. Hajatoka. Kivinjari kimeweka vidakuzi, na tovuti nyingi zitamkumbuka mwingine akifungua dirisha lilelile dakika mbili baadaye. Zaidi ya hayo, pale mwanzo kivinjari kilimuuliza kama kikumbuke nenosiri lake naye akabonyeza ndiyo kwa sababu ndiyo ilikuwa na rangi. Mimi mwenyewe niliketi siku moja kwenye kompyuta ya saiba, nikafungua ukurasa wa kodi, nikajikuta ndani ya akaunti ya mtu nisiyemjua. Jina lake kamili, mwajiri wake, mshahara wake wa mwaka. Nilibonyeza kutoka kwa niaba yake. Aliyeketi baada ya yule bwana angeweza kuwa mtu mwingine.

Haraka ile ina chanzo ambacho hakisemwi: saiba huuza dakika. Programu ya kuhesabu muda hukuonya kwamba zimebaki dakika mbili, nawe unachapisha, unalipa, unakimbia kabla haijaongezwa shilingi. Kutoka kwa utulivu kunagharimu pesa. Kisha muda ukiisha, programu hiyo hufunika kioo tu, na chini ya kifuniko kurasa zako zinaweza kuwa wazi zikimsubiri mteja ajaye. Wenye saiba wanaweza kulitatua hili bila kununua kitu. Wawape wateja kivinjari katika hali ya mgeni, ambayo dirisha lake la mwisho likifungwa hufuta vidakuzi na historia. Wazime kabisa uwezo wa kukumbuka maneno ya siri. Na wampe kila mteja dakika moja ya mwisho bure, iitwe dakika ya kutoka, iandikwe ukutani pamoja na bei za kuchapisha.

Shule na maktaba nazipita upesi, kwa kuwa huko jawabu limekuwa wazi kwa muda mrefu. Mahali ambapo mtumiaji hahitaji kuacha kitu, akaunti ya pamoja inafaa, mradi mashine ijisafishe kila mtu anapotoka. Programu kama Deep Freeze huirudisha kompyuta ilivyokuwa kila inapowashwa, na Windows 10 tangu mwaka 2016 ina mpangilio wa kompyuta ya pamoja unaoweza kufuta akaunti za watumiaji wanapotoka. Mwanafunzi ahifadhi kazi yake kwenye kijiti cha flashi au mtandaoni. Huko akaunti ya wote ni mbaya pale tu inapokumbuka.

Kuna chumba kimoja ambako ushauri wangu wote wa kutoka unageuka hatari, nacho ni chumba cha kuendeshea mtambo. Turbini haingoji mtu atoke na mwingine aandike nenosiri lenye herufi kubwa na namba. Shinikizo likipanda saa nane usiku, mwendeshaji anataka kioo kilicho wazi sasa hivi, na kompyuta iliyojifunga kwa sababu hajagusa kipanya kwa dakika kumi ni adui yake. Ndiyo maana katika vyumba vya aina hiyo duniani kote imezoeleka kuwa na akaunti moja ya kituo, isiyojifunga, na ulinzi ukahamia mlangoni: nani anaruhusiwa kuingia chumbani. Sababu hiyo ni nzito, nami siipingi. Ila chumba hicho kinapofunguliwa njia ya mbali kupitia intaneti, mlango si ulinzi tena.

Tarehe 5 Februari 2021, katika mji wa Oldsmar, Florida, mwendeshaji wa kituo cha maji aliona kipanya kikitembea chenyewe na kiwango cha sodiamu haidroksaidi kikipandishwa kutoka sehemu 100 kwa milioni hadi 11,100. Alikirudisha mara moja, na maji hayakumdhuru mtu. Dunia iliambiwa ni wavamizi. Uchunguzi ulionyesha kwamba kompyuta zote za kituo zilitumia nenosiri moja la kuingilia kutoka mbali. Miaka miwili baadaye aliyekuwa meneja wa mji alisema halikuwa shambulio, bali huenda mfanyakazi alikosea; FBI nao walisema hawakuweza kuthibitisha uvamizi. Kituo cha maji ya kunywa, chenye wachunguzi wa taifa kubwa, hakikuweza kusema kwa hakika kama mkono ule ulikuwa wa mgeni au wa mwenyeji. Nilipoisoma habari ile nilimkumbuka kijana wa stoo na ile dizeli.

Njia ya kati kwa chumba cha mtambo ipo, na ni ya zamani kuliko kompyuta: daftari la zamu. Anayepokea aandike jina na saa, anayeondoka atie sahihi, na akaunti ya kituo isiruhusiwe kufika popote nje ya kioo kile. Barua pepe na ripoti zifanyiwe kompyuta nyingine, kwa akaunti ya mtu. Na kila anayeingia kutoka mbali aingie kwa jina lake mwenyewe, hata akiwa mtengenezaji wa mtambo.

Mwisho kuna wale walioondoka kabisa. Olkaria hupokea makandarasi kila inapojengwa awamu mpya, na ofisi za Nakuru na Naivasha hupokea wanafunzi wa mafunzo ya kazi kila muhula. Wanapewa akaunti, wanakaa miezi mitatu, wanaagwa kwa chai na mandazi. Akaunti inabaki. Mei 2021 bomba kubwa la mafuta la Colonial huko Marekani lilisimama kwa siku kadhaa, na mkuu wa kampuni aliliambia bunge la Seneti kwamba wavamizi walipitia akaunti ya zamani ya kuingilia kutoka mbali, iliyokuwa haitakiwi kutumika tena na iliyolindwa kwa nenosiri pekee. Mfanyakazi akiondoka hurudisha kofia ngumu, viatu, kitambulisho cha lango na ufunguo wa kabati, na fomu ya kuondoka huwekwa sahihi kwa kila kimoja. Fomu hiyo iongezwe mstari mmoja wa akaunti, na mshahara wa mwisho usitolewe kabla mstari huo haujatiwa sahihi na anayeisimamia kompyuta. Akaunti isifutwe siku hiyohiyo, kwa sababu mafaili yake yatahitajika. Izimwe kwanza, ifutwe baadaye.

Ninyi mnaosimamia ofisi za zamu, stoo, zahanati na saiba kuanzia Karagita hadi Kongoni, kesho asubuhi ng'oeni karatasi ya nenosiri iliyobandikwa chini ya kioo na mwandikeni kila mtu kwa jina lake. Nawe unayeketi kwenye kompyuta ya watu, ukimaliza bonyeza kutoka, subiri mpaka jina lako liondoke kwenye kioo, ndipo uinuke.